Kathleen Drew-Baker, Mama wa Bahari: mwanamke mwenye alitafuta mbegu mu giza

Ku Japani, mu muji wa Uto, jimbo la Kumamoto, kuko pahali penye kuangalia bahari ya Ariake, na pale kuko jiwe la ukumbusho. Kila mwaka, tarehe 14 Aprili, wakulima wa mwani wanakusanyika mbele ya jiwe lile kwa kushukuru mutu mumoja. Mutu yule hakuwa Mujapani, hakuwa mufalme, na hakuwa tajiri. Alikuwa mama wa Uingereza, mutafiti wa mimea, jina lake Kathleen Drew-Baker. Hakukanyaga Japani hata siku moja, na kazi yenye aliwafanyia haikumuletea franga. Lakini wale watu wanamuita Mama wa Bahari.

Tumechagua kueleza maisha yake hapa, hata kama kwetu bahari iko mbali, juu maisha yale yanapita karibu sana na watu wa mine. Alizaliwa mu muji wa makaa ya mawe. Alipoteza mushahara wake juu ya kuolewa. Bwana yake alifungua kitabu cha shaba chenye kilikaa mu pango karibu miaka elfu mbili. Na ile bahari ya Ariake, chini yake kulipita mashimo ya wachimbaji.

Mutoto wa Leigh

Kathleen Mary Drew alizaliwa tarehe 6 Novemba 1901, mu muji wa Leigh, jimbo la Lancashire, upande wa kaskazini-magharibi wa Uingereza. Wakati ule Leigh ilikuwa na kazi kubwa mbili: viwanda vya pamba na mashimo ya makaa. Masomo ya sekondari aliyafanyia mbali, mu muji wa Salisbury, kusini. Alikuwa na akili nyingi ku masomo, njo akapata bursi ya kwenda ku iniversite ya Manchester kusoma elimu ya mimea. Mu 1922 akamaliza na daraja ya kwanza. Siku zile wanawake wenye walipata daraja ile pale Manchester walikuwa wa kuhesabu ku vidole. Mwaka wenye ulifuata akaongeza diploma ingine, na iniversite ikamuweka kuwa mwalimu.

Wengi mu masomo yale walipenda maua, miti na mimea ya shamba. Yeye akachagua mwani, ile mimea ya bahari yenye watu wengi walikuwa wanaona ni takataka ya pwani. Alipenda zaidi mwani mwekundu. Mu 1925 akapata bursi ya kwenda Marekani, akafanya miaka miwili ku iniversite ya California, mu Berkeley, na akafika hata visiwa vya Hawaii kuokota mimea ya bahari ya kule.

Kuolewa kukakuwa kosa

Mu 1928 Kathleen akaolewa na Henry Wright Baker, mwalimu wa mambo ya mashini pale pale Manchester. Siku zile iniversite ilikuwa na kanuni moja: mwanamke mwenye kuolewa hawezi kulipwa kazi ya ualimu. Mwanaume akioa, alibaki ku kazi yake. Mwanamke akiolewa, alitoka. Kathleen alikuwa na umri wa miaka 26, na nafasi yake ikaisha vile.

Hakupiga makelele, na hakurudi nyumbani kukaa. Akaendelea kuingia ku labo kama mutafiti bila mushahara. Akazaa watoto wawili, mwanaume na mwanamke, akawalea, na pembeni ya ile akaandika kazi nyingi juu ya mwani mwekundu. Mu 1939 iniversite ile ile ikamupa doktora ya juu kwa ajili ya kazi zile.

Bwana yake hakumuzuia. Kinyume, alimusaidia kwa mikono yake mwenyewe: alimutengenezea tanki yenye maji yake yanapanda na kushuka sawa maji ya bahari, ili mwani uweze kuishi mu labo, mbali na pwani. Huyu Henry njo yule mwenye baadaye alijulikana kwa jambo la shaba. Mu 1952, karibu na Bahari ya Chumvi, mu pango la Qumran, walipata kitabu cha zamani chenye kuandikwa juu ya bati nyembamba ya shaba, chenye kukunjwa sawa mukeka. Shaba ilikuwa imeoza na kugeuka kutu tupu. Ukijaribu kukunjua inavunjika. Kikaletwa Manchester, na mu 1955 na 1956 Wright Baker akakikata polepole kwa musumeno mudogo, kipande kwa kipande, mupaka maandishi yakasomeka. Ndani mulikuwa orodha ya pahali penye dhahabu na feza zilifichwa. Mu nyumba ile, basi, mume na muke wote wawili walikuwa watu wa kufungua vitu vyenye kufungwa.

Mwani unakula namna gani?

Tusimame kidogo hapa, juu bila kuelewa namna mwani unaishi, hatutaelewa juu ya nini kazi ya huyu mama ilikuwa na maana.

Mwani hauna mizizi ya kunyonya chakula. Kile chenye kufanana na muzizi ni kishikizo tu cha kukamata jiwe. Unakula kwa mwili wote: maji ya bahari yanapita, nao unanyonya azoti na fosforasi, vile vitu vyenye sisi tunanunua mu mifuko ya mbolea kwa ajili ya mahindi. Kuko majani mengine ya bahari yenye mizizi ya kweli, yenye kula kwa majani na kwa mizizi mu muchanga, lakini ile ni jamaa ingine.

Sasa, kuingiza chakula na kukigeuza kuwa mwili ni kazi, na kazi inaomba nguvu. Nguvu ile inatoka ku mwangaza wa jua. Mwangaza ukifika, mwani unatengeneza sukari, na kwa sukari ile unageuza azoti kuwa mwili wake. Giza likiingia, hauachi kula mara moja. Unaendelea kidogo na akiba ya mchana. Giza likizidi, akiba inaisha, na chakula kinaweza kujaa pembeni yake bila kumusaidia kitu. Ni sawa na mashini ya kusaga mu kartie: mifuko ya mahindi inaweza kufika ku mulango, lakini umeme ukikatika, unga hautoke.

Na kinyume chake ni kweli vilevile. Jua linaweza kuwaka sana, lakini kama maji hayana azoti, mwani hauna kitu cha kujengea. Hapo unaanza kula rangi yake mwenyewe. Ile rangi nyekundu inatengenezwa na azoti, na ina kazi: kukiingia mu maji, rangi nyekundu ya mwangaza inapotea mbele ya zingine, inabaki zaidi ya kijani na ya buluu, na mwani mwekundu njo unaweza kukamata ile yenye imebaki. Kwa hiyo mwani mwekundu unaweza kuishi pahali pa mwangaza mudogo. Lakini njaa ikiukamata, unavunja ile rangi kwa kutafuta azoti, na unageuka mweupe-mweupe, wa manjano. Mukulima akiona vile, anajua mwani wake unakufa njaa mu mwangaza mwingi.

Ulizo la mwani wenye kupotea

Mwani wenye Kathleen alichunguza unaitwa Porphyra. Ni mwembamba sawa karatasi, rangi yake kati ya nyekundu na nyeusi, na unakamata mawe ya pwani. Ku Wales, magharibi ya Uingereza, wanauchemsha saa nyingi mupaka unakuwa sawa sombe yenye kupikwa sana, na wanaukula na unga wa shayiri na nyama ya nguruwe. Wachimbaji wa makaa wa South Wales walikuwa wanaukula asubuhi mbele ya kushuka mu shimo. Ku Japani, jamaa ya mwani ule inaitwa nori. Wanaikausha sawa karatasi, wanafungia wali ndani.

Lakini mwani huu ulikuwa na siri. Mu baridi unaota vizuri. Joto likifika, unapotea wote. Baridi ikirudi, nao unarudi. Kati ya hapo uko wapi? Mbegu zake zinakaa wapi miezi yote ya joto? Hakuna mutu mwenye alijua, hata profesere wakubwa, hata wavuvi wenye walikuwa wanaulima toka miaka mia na mia.

Wavuvi wa Japani walikuwa wanasimamisha matawi na mianzi mu matope ya pwani, kisha baadaye nyavu, na kungojea. Mwaka mumoja mbegu zinakuja na maji, zinakamata, familia inakula na kulipa madeni. Mwaka mwingine hakuna kitu. Hawakuweza kupanda, juu huwezi kupanda mbegu yenye hujui iko wapi. Njo maana nori iliitwa mumea wa bahati, sawa muchezo wa kamari. Mwisho wa miaka ya 1940, baada ya vita, mavuno yakaanguka vibaya sana, na familia nyingi za pwani zikabaki bila kujua watoto watakula nini.

Manchester ilikuwa mbali na shida zile. Kathleen hakuwa anafikiri juu ya biashara ya nori. Alitaka paka kujua mwani wake unakwenda wapi.

Mu ganda, mu giza

Alikuwa anachukua mbegu za Porphyra, zile ndogo sana zenye kuonekana paka na mikroskopi, anaziweka mu vyombo vya kioo na maji ya bahari. Zilikuwa zinaota kidogo, zinatoa nyuzi nyembamba, kisha hazisongi mbele. Watafiti wengine walikuwa wameishia pale. Yeye akafikiri juu ya kile chenye kinakosekana. Ku pwani hakuna kioo. Kuko mawe na maganda. Akatwaa maganda ya chaza, yule munyama wa bahari mwenye kukaa kati ya maganda mawili magumu sawa jiwe, akayasafisha vizuri, akayaweka mu vyombo pamoja na mbegu.

Mbegu zikafanya kitu chenye hakuna mutu alikuwa anangojea: zikachimba. Ziliingia ndani ya ganda, zikatembeza nyuzi zake mule, sawa galeri ndogo ndogo zenye kuachana na kukutana, na kwa inje ganda likapata madoa ya rangi ya waridi.

Yale madoa yalikuwa yanajulikana. Toka mwisho wa karne ya 19, wataalamu walikuwa wameandika mu vitabu vyao kwamba ile ni mumea ingine kabisa, na waliupa jina Conchocelis. Kumbe haikuwa mumea ingine. Ilikuwa ni Porphyra ile ile, mu umbo lingine la maisha yake. Mu baridi inakuwa jani kubwa juu ya mawe, inakula jua na maji. Mu joto jani linakufa, lakini mbegu zake zimekwisha kuingia mu maganda ku chini ya maji. Mule mwangaza ni mudogo, lakini rangi nyekundu ya nyuzi inakamata ule mudogo wenye umefika, na mumea unaishi polepole mupaka saa yake ifike.

Mwaka 1949 Kathleen akatoa habari ile mu zurnali Nature ya Uingereza. Makala ilikuwa fupi. Pale Uingereza wenye walishangaa ni wataalamu wachache tu wa mwani.

Namna habari ilifika Ariake

Ku Japani, mutafiti Segawa Sokichi, wa iniversite ya Kyushu, akapata habari ile. Akarudilia kazi ya Kathleen na mwani wa kwao, akaona ni kweli: nori nayo inakaa mu maganda wakati wa joto. Mu Kumamoto, Ota Fusao na wenzake wakatafuta namna ya kufanya ile kwa mikono ya watu. Mbele ya katikati ya miaka ya 1950 njia ikapatikana, na ikaingia mu vijiji vya wavuvi.

Kazi inafanywa hivi. Mwisho wa baridi, wanatwaa nori yenye kukomaa, wanaacha mbegu zake zianguke juu ya maganda ya chaza mu tanki za maji. Maganda yanakaa mule miezi yote ya joto, ndani ya nyumba. Hapa njo mwangaza unakuwa kazi ya mukulima. Ukiacha jua kali liingie, mimea mingine ya kijani inaota juu ya ganda, inafunika nori na kuikulia chakula. Ukifunga giza kabisa, nyuzi zinakosa nguvu na hata chakula chenye umetia mu maji hazikitumii. Kwa hiyo wanaweka mapazia ku madirisha, wanafungua na kufunga, wanapima mwangaza sawa mama mwenye kupima chumvi.

Watafiti wa Japani wakaona kitu kingine. Ile nyuzi ya mu ganda inahesabu urefu wa siku. Wakati mchana unakuwa mufupi na maji yanapoa, inajua baridi imekaribia, na inaachilia mbegu zake. Mukulima mwenye haraka anaweza kufunika tanki na kitambaa cheusi mapema jioni. Mumea unafikiri mchana umefupika, na unajitayarisha. Kisha wanapitisha nyavu mu maji yale, mbegu zinakamata, na nyavu zinapelekwa ku bahari. Toka siku ile mukulima wa nori haungojei tena bahati. Anapanda, sawa vile mutu anapanda mahindi.

Leo Japani inatoa mabilioni ya karatasi za nori karibu kila mwaka, na China na Korea wanailima vilevile. Wamama wa Zanzibar, ambao nao wanalima mwani, wanafanya namna ingine: mwani wao ni wa jamaa ingine, wanakata vipande na kuvifunga ku kamba, hauombi maganda.

Alikufa mbele ya kuona

Mu miaka ile Kathleen alikuwa na kazi ingine mu mikono. Mu 1952 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha watafiti wa mwani wa Uingereza, na akawekwa kuwa prezida wa kwanza. Lakini ugonjwa ukamukamata. Alikufa tarehe 14 Septemba 1957, na miaka 55. Ku Japani njia yake ilikuwa ndiyo imeanza kutoa matunda.

Wakulima wa nori hawakumusahau. Walichanga franga, na tarehe 14 Aprili 1963 wakasimamisha jiwe la ukumbusho pale Uto, mbele ya bahari ya Ariake. Hawakuwa watu matajiri. Wengi walikuwa wamepita mu miaka ya njaa, na walijua mahesabu yao vizuri.

Na wasomaji wa mine wajue hili. Ku pwani ya bahari ile ile, mu muji wa Omuta, kulikuwa mine ya makaa ya Miike, yenye galeri zake ziliingia mbali chini ya maji ya Ariake. Juu, watu walikuwa wanatandika nyavu. Chini, wengine walikuwa wanachimba. Mwaka ule ule wa 1963, tarehe 9 Novemba, vumbi ya makaa ikalipuka mu Miike, na wachimbaji 458 wakakufa. Mine ile ilifungwa mu 1997. Nyavu za nori zingali pale.

Si kusema shida za wakulima zimekwisha. Mu baridi ya 2000 kuingia 2001, mimea midogo sana ya maji, yenye jicho haliwezi kuona, ilizidi mu Ariake, ikakula azoti yote mbele ya nori. Jua lilikuwapo, nyavu zilikuwapo, mbegu zilikuwapo, lakini chakula hakuna. Nori ikageuka ya manjano ku nyavu, na haikuuzika. Wakulima wakapanda mashua zao kulalamika juu ya ukuta mukubwa wenye serikali ilikuwa imejenga kufunga sehemu moja ya bahari, wakisema njo uliharibu maji. Mabishano yale yalifika mu tribinali na yakachukua miaka mingi.

Lakini safari hii walijua kile chenye wanasemea. Walijua mwani wao unaishi namna gani, unakula nini, na mwangaza unausaidia saa gani. Babu zao, mavuno yakikosa, walikuwa wanaweza kusema tu kwamba bahati imekataa.

Kila mwaka, joto likikaribia, mu nyumba za pembeni ya Ariake wanatayarisha tena maganda ya chaza mu tanki, wanavuta mapazia nusu, na wanaacha mbegu zichimbe.